Picha Nne za Viza

"Fanya haraka, dada, ubalozi unafunga saa sita," alisema Bwana Kilumanga akinyoosha tai. Alikuwa anasafiri kwenda kupokea tuzo ya kimataifa ya wachapishaji wa vitabu vya picha, na kitabu chenyewe amekipakata.

Dada mwenye studio, Sikudhani, alikiomba kitabu, akakifungua. Picha zote zilikuwa kazi ya marehemu baba yake Sikudhani, alizopiga humu humu studio, mbele ya pazia hili hili. Chini ya kila moja iliandikwa: Mpiga picha hajulikani.

"Nyuma ya picha zenyewe hapakuwa na muhuri wa jina la mpigaji?" aliuliza Sikudhani.

"Ulikuwepo," alicheka. "Lakini asiyejulikana ndiye anayeuzika, dada. Majaji walilia!"

"Kaa hapo. Usitabasamu."

Alimpiga picha, akazichapisha, akashika mkasi. Mkasi ulipita shingoni mwa kila picha, mara nne, taratibu. Akatia vifua na tai zake kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi. Bwana Kilumanga aliichomeka mfukoni bila kuitazama, akatoka mbio.

Mezani vilibaki vichwa vinne, vimebana midomo. Sikudhani akavigeuza kimoja kimoja, akaupulizia pumzi muhuri mkavu wa baba yake, na nyuma ya kila kichwa akaugonga.