Miiba ya Nungunungu Darasani

Nyayo za Chui zilipoonekana nje ya darasa, wazazi waliitana shuleni. Mwalimu Kanga aliomba mlango wenye komeo.

"Mlango utamchoma nani?" aliuliza Nungunungu. "Kila mtoto apewe mwiba. Natoa yangu, bure."

Wazazi wakapiga makofi, na watoto wakagawiwa miiba.

Kesho yake Nungunungu alikwenda kumchukua mwanawe. Kwa kuwa hapakuwa na mlango wa kubishia hodi, aliingia tu.

"Ana silaha!" alipiga kelele mwanawe, akawa wa kwanza kumchoma. Darasa zima likafuata, kisha na darasa la pili.

Mwalimu Kanga alipokuwa akimchomoa miiba makalioni, Nungunungu aliuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ule mlango ungekuwa wa mbao gani?"

"Tulia kwanza, mzee. Bado miiba ya darasa la pili."