Kipele Kimoja

Simu iliegemezwa kwenye chupa ya spiriti juu ya meza ya muuguzi wa zahanati, na kwenye skrini daktari bingwa wa hospitali ya mbali alikuwa akipiga miayo. Bi Mwanahawa, mguu umemvimba kwa kidonda, alishachoka kurudia maneno yale yale.

“Penisilini inanikataa, daktari. Nilipewa utotoni, nikatoka vipele mwili mzima.”

“Na wenzako nyumbani je?”

“Dada zangu nao walitoka vipele. Surua ilikuwa imeingia mtaani.”

“Nao walipewa penisilini?”

“La. Mimi tu.”

“Basi mama, huenda vilikuwa vya surua. Muuguzi atakupa kidogo, tukuangalie.”

Akameza nusu kidonge cha penisilini. Muuguzi akaketi kando yake, sindano ya dharura tayari mezani. Bi Mwanahawa alikuwa akimkumbuka marehemu mwanawe, Shamte, alivyohema kwa nimonia, na yeye mwenyewe alivyoushika mkono wa daktari: msimpe penisilini, inatukataa ukoo mzima. Nao hawakumpa.

Saa nzima ikapita.

“Unawashwa popote, mama?”

Aliugeuza mkono wake huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, akitafuta japo kipele kimoja.