Pale Baba Alipokaza Uzi

Katika ukumbi wa kanisa mjini Kitale, wapiga fidla wanne walimaliza nyimbo za marehemu baba yangu na kugeukia za waliomfuata. Wepukhulu, mwanafunzi wake, alisimama mbele.

"Huu niliutunga Bungoma mwaka huu. Kwa Mzee nimechukua tu roho."

Wimbo wa mwisho wa baba niliurekodi mimi kwa simu. Wepukhulu aliniomba kadi ya kumbukumbu ili asafishe sauti, kisha akairudisha bila wimbo, akiniuliza: "Hii si ilikuwa tupu, dada?"

Fidla zilianza. Mwanafunzi hufanana na mwalimu wake, kwa hiyo kufanana hakukuthibitisha kitu.

Kisha zote nne zikanyamaza katikati ya mstari.

Tulipokuwa tukirekodi, uzi mmoja wa litungu, kinubi cha baba, ulilegea. Alinyamaza katikati ya mstari, akazungusha kigingi mpaka ukakaza, akaendelea. Hapa hakuna aliyegusa kigingi chochote.

Katika ukimya huo nilitamka, kwa sauti, maneno yangu yaliyomo mahali hapo hapo kwenye rekodi ile: "Polepole, baba, uzi utakatika."

Ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Wepukhulu peke yake hakugeuka.