Gitaa la Mapajani

Asubuhi hiyo Sikudhani aliegemeza magodoro madirishani kuzuia kelele, akawafukuza kuku uani, kisha akawasha kinasa sauti. Mumewe, Kilindo, alikuwa ameketi kitandani, gitaa limelala mapajani. Tangu apatwe na kiharusi, vidole vya mkono wake wa kushoto havikuweza tena kubana nyuzi. Viliweza tu kushika kipande cha chuma na kukitelezesha juu ya nyuzi hizo. Miaka mitatu alijifunza hivyo peke yake, mlango umefungwa. Leo alitaka kurekodi albamu ya swingi, dansi la ujana wao.

"Nikikosea usinihurumie," alisema.

"Piga, baba Tunu. Nasikiliza."

Chuma kikateleza. Sikudhani aligeuka akidhani kuna mtu ameingia, maana sauti ile haikuwa ya nyuzi. Ilikuwa kama koo la binadamu. Ilipanda, ikatetemeka, ikashuka polepole mpaka mwili ukamsisimka. Huyu ndiye niliyekuwa nikimlisha kwa kijiko?

Wimbo wa tatu miguu ilimshinda. Akajikuta anacheza, kandambili zikipiga sakafu. Wimbo ulipokwisha ndipo alipokumbuka kinasa sauti, akashika kichwa.

"Ole wangu, nimekuharibia! Turudie."

Kilindo alikataa kwa kichwa, machozi yakimlengalenga. "Acha hivyo hivyo. Huu wa nne, njoo uchezee karibu, kandambili zisikike vizuri."

Sikudhani akakaza kanga kiunoni, akasogea hadi magoti yao yakakaribia kugusana. Kilindo aliinua chuma, akakiacha kikielea juu ya nyuzi, akimtazama.