Sauti za Sokoni

Halmashauri ya mji iliiajiri kampuni ya utafiti iwaulize wafanyabiashara wa sokoni kama wako radhi kuhamishwa. Aliyewahoji ni Mwanahija. Siku ya kikao cha halmashauri, mkurugenzi wa kampuni hiyo, Bwana Kilewo, alisoma ripoti: "Wengi wameridhika."

Mwanahija akasimama. "Samahani, bosi. Mimi sikuandika hivyo."

"Kaa chini, binti."

"Nitakaa wakishasikika wenyewe."

Akaweka kinasa sauti mezani, akakiwasha. Sauti ya mama muuza ndizi ikakijaza chumba: "Tuhamie huko, nani atatufuata? Hata barabara hakuna!"

Bwana Kilewo alikunja ripoti. Mwanahija hakutetereka. Mwenyekiti wa halmashauri akavuta kiti, akainamisha sikio karibu na kile kinasa sauti.