Kofia ya Mwangalizi wa Mkizi

Juu ya kilima, baba yake Leoni aliinua kofia kuipunga, na kule baharini alikotazama hakukuwa na samaki. Kulikuwa na kivuli cha wingu tu.

Leoni akamdaka mkono. "Bado, baba."

Chini, kwenye ufukwe wa Bermagui, baba zake wadogo walikaa na mashua na nyavu wakiisubiri kofia hiyo ipungwe, ishara ya kuingia majini. Upepo wa magharibi ulishaanza kuvuma, na mkizi walikuwa wakitoka ziwani na kuingia baharini kwenda kaskazini.

"Kaka, umelala huko juu?" mmoja akapaza sauti. "Au unamtongoza papa?"

Wakaangua kicheko. Hawakujua kwamba macho ya kaka yao yameingia ukungu, na kwamba mwaka wa pili huu bintiye Leoni ndiye anayemtazamia samaki. Wangejua, wangemtoa kilimani siku hiyo hiyo. Na Leoni alitakiwa kuanza kazi Sydney Jumatatu. Alikuwa amekuja kumwambia baba yake hivyo.

Maji yakawa meusi nyuma ya mwamba. Kundi zima la mkizi, likisogea taratibu.

"Unaona nini, mwanangu?" Mkono wa baba ulikuwa bado ndani ya kiganja chake, mwembamba, umejaa chumvi.

"Sasa," Leoni akasema, akauinua yeye mwenyewe, pamoja na kofia.

Mashua ikaingia majini kwa vifijo.

"Mwakani tuwahi zaidi," baba akasema, akitabasamu kuelekea upande usio na kitu.

"Sawa, baba," Leoni akasema, na habari ya Sydney akaimeza.