Sahani ya Msibani

Mjane hatoki kwenye mkeka wa kina mama kabla ya mazishi, kila mtu anajua. Ndiyo maana Leokadia alipotokeza mlangoni na birika la chai mkononi, wanaume waliokuwa chini ya turubai waliacha karata zao.

Sahani ya sigara ilikuwa inazunguka, kama kwenye misiba yote ya mji ule. Ilikuwa imefika kwa Fulgensi, mdogo wa marehemu, naye alishawasha yake.

"Sahani hii kaileta nani?" Leokadia aliuliza.

"Ni heshima tu, shemeji. Kaka mwenyewe sahani haikumpita."

"Ndiyo maana yuko mochwari! Unajua unavuta nini? Moshi huo una lami, Fulgensi. Una sumu ya panya. Una dawa ileile waliyomchoma jana asiharibike. Miaka thelathini mume wangu anajitia dawa ya maiti, nanyi mnamshikia kiberiti!"

"Ni uchungu huo, mwacheni," mzee mmoja alinong'ona.

"Si uchungu, mzee. Ni hasira!"

Akamimina chai yote kwenye sahani. Sigara zikavimba, zikapasuka.

Fulgensi alijaribu kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikavu, kirefu, kikohozi cha kaka yake kabisa.

Leokadia alingoja kiishe. "Nguo hizi nyeusi nikizivua, nimpelekee mkeo?"

Sigara ya Fulgensi iliendelea kuungua vidoleni, jivu likirefuka, likipinda, na turubai zima likiutazama mkono wake.